Kola ya Bibi Abla

Saa mbili asubuhi Esinam alikuwa ameshachuchumaa nje ya duka la Madamu Kafui, mashavu yamevimba, akipuliza makaa ya pasi. Ilikuwa pasi ya kizamani, nzito kama jiwe la kusagia, yenye jogoo mdogo wa shaba juu ya kifuniko. Ukimfungua jogoo unatia makaa. Ukimfunga unamwomba Mungu cheche isiruke. Umeme ulikuwepo pale mjini Hohoe, lakini ulikuwa na tabia za mgeni asiye na adabu: unaingia bila hodi na kuondoka bila kuaga. Kwa hiyo pasi ya makaa haikustaafu.

“We Esinam, yapulize makaa, usiyabusu!” Sitsofe alimtania kutoka ndani. Sitsofe alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu pale dukani, na ulimi wake ulikuwa umehitimu zamani. “Ukiingia na jivu puani leo, wateja watadhani tumefungua mkahawa.”

Duka lenyewe lilikuwa kontena la bluu lililoandikwa kwa rangi nyeupe: MUNGU ANA MKASI WAKE. Ndani mlikuwa na vyerehani vitatu, meza moja ndefu na kioo chenye ufa uliomgawa kila mteja vipande viwili. Esinam, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuja pale kila siku ya likizo ya Krismasi. Bibi yake, Bibi Abla, ndiye aliyemleta. Alisema ni heri mjukuu wake ashike sindano kuliko kukaa ukutani akihesabu pikipiki.

Wiki tatu za kwanza Esinam alifagia vitambaa, akaokota pini na kutumwa maji. Wiki ya nne Madamu Kafui alimpa kazi ya gamu.

Gamu ni kitambaa chepesi cheupe, upande mmoja laini, upande wa pili una vidoa vidogo vya gundi vinavyokwaruza kidole. Ukikibandika nyuma ya kola kwa pasi ya moto, kola inasimama kama askari wa gwaride. Ukikibandika ovyo, inalala kama sikio la mbuzi mgonjwa.

“Pasi unayoijua wewe ni ya sare za shule,” Madamu Kafui alimwambia siku ile. “Ile ya kwenda na kurudi kama mtu aliyepoteza ufunguo. Pasi ya gamu haitembei. Unaiweka, unakandamiza, unasubiri, unainua, unahamia kwa jirani. Ukiiburuza, gamu inaburuzika nayo, na mwenye nguo anavaa mikunjo.”

“Nasubiri mpaka lini, Madamu?”

“Mpaka uwamalize mitume.”

Hiyo ndiyo ilikuwa saa ya duka lile. Madamu Kafui alikandamiza pasi huku akiwataja polepole: Petro, Andrea, Yakobo, Yohana, Filipo, Bartolomayo, Tomaso, Mathayo, Yakobo mdogo, Thadayo, Simoni, Yuda. Ukifika kwa Yuda, unainua. Ukikaa naye sana, nguo inaungua. Sitsofe alikuwa na mazoea ya kuruka kutoka Petro hadi Tomaso, na mikanda aliyoitia gamu ilibanduka kabla ya mteja kufika nyumbani. Esinam hakumruka hata mmoja. Alijaribu kwanza kwenye kipande cha mabaki, akatandaza kitambaa chembamba juu ili chuma kisiguse gundi, na alipomaliza aliiacha kazi ipoe palepale mezani kabla ya kuigusa.

“Huyu mtoto ana mkono,” Madamu Kafui alisema, na kwa Madamu Kafui sifa zilikuwa adimu kama mvua ya Januari.

Januari yenyewe ilikuwa imefika na harmatani yake, ule upepo mkavu wa vumbi unaopasua midomo na kuziba pua. Na Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa siku ya Bibi Abla.

Tangu Babu Komla afariki, mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita, Bibi Abla alikuwa amevaa nyeusi. Jumapili hiyo angevua nguo za ujane na kwenda kanisani na vazi la bluu na nyeupe, na ndugu wangemzunguka kumkaribisha tena kati ya watu. Kitambaa alikuwa nacho. Babu Komla mwenyewe alikinunua, yadi sita, chenye picha za ndege wadogo, akisema atamshonea mkewe siku akipona. Hakupona. Yadi mbili walimfunika nazo kaburini. Zilibaki nne: za blauzi na sketi, basi, bila hata kiganja cha ziada. Na ndege wale hawakupatikana tena sokoni. Esinam aliwatafuta kila kibanda.

Jumatano alikipeleka kitambaa dukani. Madamu Kafui, ambaye alikwisha kwenda nyumbani kwa bibi kuchukua vipimo, alikigeuza huku na kule akipenga kamasi. Harmatani ilikuwa imemshika vibaya. Pua yake ilikuwa nyekundu kama pilipili.

“Kitambaa kizuri. Kirudishe nyumbani,” alisema kwa sauti ya puani.

“Kimekosa nini, Madamu?”

“Hakijakosa. Hakijafuliwa. Kitambaa kipya cha pamba nikikitia gamu bila kukifua, kitanipa aibu. Kiloweke, ukifue, ukianike. Kwa upepo huu saa moja tu kitakuwa kimekauka kama dagaa. Kesho asubuhi niletee.”

Esinam alirudi nyumbani mbio. Bibi Abla alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, akikoroga akple, ugali wa mahindi, kwenye jiko lake la wazi. Katika siku hizi za mwisho za ujane hakuruhusiwa kuvuka geti, wala kwenda sokoni, wala kuingia nyumba ya mtu. Miguu yake ilikuwa ni miguu ya Esinam.

Alipoona beseni la maji na kitambaa pembeni yake, mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

“Unataka kufanya nini?”

“Madamu amesema nikifue kwanza, Bibi.”

“Hakifuliwi.”

“Lakini Madamu—”

“Esinam.” Bibi Abla aliinuka, akakichukua kitambaa, akakisogeza puani na kufumba macho. “Njoo unuse.”

Esinam alinusa. Tumbaku ya kiko. Ile dawa ya kuchua magoti. Na kitu kingine kisicho na jina, ambacho kilikuwa kochi la Babu Komla, na kofia yake, na mapaja yake aliyokuwa akimkalisha alipokuwa mdogo.

“Kilikaa sanduku moja na mashati yake,” bibi alisema. “Mashati ndugu waligawana. Hiki tu ndicho kimebaki na harufu yake. Jumapili nikitoka, nataka nitoke naye. Mwambie huyo Madamu wako ashone hivihivi.”

Esinam alilala na maneno mawili kichwani yakisukumana kama mbuzi wawili mlangoni. Bibi amesema hakifuliwi. Madamu amesema kifuliwe. Akimwambia Madamu, Madamu atakataa kushona, na Jumapili bibi atatoka na nini? Akimrudia bibi, bibi atalia. Na bibi alikuwa amelia mwaka mzima. Esinam alikuwa amechoka kuyaona yale machozi.

Kesho yake alikiweka kitambaa mezani, amekikunja vizuri.

“Umekifua?” Madamu Kafui aliuliza.

“Nimekifua, Madamu.”

Neno lilitoka jepesi hata yeye mwenyewe akashangaa. Siku nyingine yoyote pua ya Madamu Kafui ingeinusa tumbaku kutoka mlangoni. Siku ile ilikuwa imeziba, haikunusa hata kitunguu.

Madamu alikata. Mkasi wake ulikuwa na mlio mzito, kro, kro, kro. Vipande vyote vilipotengana, alizisukuma mbele ya Esinam pande mbili za kola: kola pana ya kulala mabegani, ambayo kanisa zima lingeiona.

“Haya, fundi mdogo. Ya bibi yako, itie gamu wewe mwenyewe.”

“Mimi?”

“Kuna Esinam mwingine humu ndani?”

Sitsofe aliacha kukanyaga cherehani. “Madamu, mimi mwaka wa pili wote nilitia gamu mikanda!”

“Na mikanda yote ilirudi,” alijibu Madamu. “Kanyaga cherehani, mama.”

Esinam alikagua upande wenye gundi kwa kidole, akaulaza nyuma ya kitambaa. Gamu aliipunguza kidogo kuliko kola, isije ikafanya pindo kuwa nene kwenye mshono. Akatandaza kitambaa chembamba juu. Akashusha pasi. Petro. Andrea. Yakobo. Yohana. Alipofika kwa Yuda alilimeza jina, akainua pasi haraka. Aliposogea sehemu ya pili, Yuda alimsubiri kulekule mwisho wa foleni. Hakuwahi kuona orodha ndefu kama ile.

Kola ilitoka tambarare kama maji ya ndoo. Madamu Kafui aliishika kwenye mwanga, akaikunja, ikajikunjua yenyewe.

“Sitsofe, njoo uone kitu. Hivi ndivyo mtu anavyosali mitume wote.”

Esinam alitamani sakafu ya kontena ifunguke.

Ijumaa mchana vazi lilikuwa limeshonwa lote. Ilibaki pasi ya mwisho. Madamu Kafui alilowanisha kitambaa cheupe, akakikamua, akakitandaza juu ya kola na kushusha pasi. Mvuke ulipanda pffuu mpaka dari. Akainua.

Akainama. Akainama zaidi.

“Yesu wangu.”

Kola ilikuwa imetoka malengelenge. Ndege wadogo wa bluu walikuwa wamevimba, wengine wamekunjamana, kama ngozi ya mtu aliyemwagiwa supu. Madamu alijaribu kuyalaza kwa pasi. Yakalala hapa, yakainuka pale.

Sitsofe alikuja kuchungulia, akarudi haraka kwenye cherehani yake.

“Kazi nimeiona kwa macho yangu, ilikuwa safi,” Madamu alisema polepole. “Mkono wa mtoto hauna kosa. Basi ni gamu.” Sauti ikapanda. “Ni gamu! Dzigbodi ameniuzia gamu mbovu! Ya mjane, jamani! Ya mjane, siku mbili kabla!” Alilikunja vazi kwapani. “Esinam, twende!”

“Madamu, subiri…”

Lakini Madamu Kafui alikuwa ameshatoka, na alipokuwa na hasira alitembea kama gari lililokatika breki.

Kibanda cha Mama Dzigbodi kilikuwa katikati ya soko, kimejaa vifungo, zipu, nyuzi na majora ya gamu. Mwenyewe alikuwa mama mnene mwenye cheko la kusikika mtaa wa pili. Alikuwa akiwapimia gamu mafundi wawili wa maduka mengine.

“Kafui wangu! Njoo uchukue—”

“Usiniite wako!” Madamu alilitupa vazi juu ya meza, kola juu. “Tazama! Hii ndiyo gamu uliyoniuzia! Gamu ya kutengenezea uji!”

Soko lina masikio mengi. Muuza nyanya aliacha kupanga nyanya. Muuza dagaa alisogea na kigoda chake ili aone vizuri.

“Gamu yangu?” Mama Dzigbodi alisema. “Kafui, miaka kumi na moja nakuuzia. Lini imekuharibikia?”

“Leo! Na mtoto huyu aliitia vizuri, hakuruka hata mtume mmoja!”

Mama Dzigbodi aliishika kola, akaipapasa. Cheko lilikuwa limemtoka usoni kabisa. “Jora hilihili nimewauzia watu sita wiki hii,” alisema kwa sauti ndogo. “Hakuna aliyerudi.”

“Basi watarudi!”

Mmoja wa wale mafundi wawili alitazama gamu iliyokuwa mkononi mwake, ameshapimiwa tayari. Akairudisha taratibu juu ya meza. Aligeuka tu na kwenda kibanda cha pili. Mwenzake akamfuata. Mama Dzigbodi aliwatazama migongo, akaanza kuikunja ile gamu waliyoiacha, na vidole vyake vilikuwa vikikosea.

Esinam aliona vile vidole. Mpaka hapo alikuwa amejiambia kwamba uongo wake haukumuumiza mtu, umekaa tu kimya ndani ya kitambaa. Sasa ulikuwa umetoka, umetembea mpaka sokoni na kumpiga mtu ambaye hata hakuwepo uliposemwa.

“Si gamu,” alisema.

Hakuna aliyemsikia. Akasema tena, kwa nguvu, na sauti ikampasuka. “Madamu, si gamu! Ni mimi! Sikukifua kitambaa. Nilikudanganya.”

Muuza dagaa alisema “Ehee!” na jirani yake akamkanyaga mguu.

“Bibi alikataa kisiguswe na maji, kina harufu ya babu. Nikaogopa kukwambia. Nikaogopa hutashona.” Machozi yalimtoka, na vumbi la harmatani likayachora mistari myekundu mashavuni. “Mama Dzigbodi, nisamehe. Gamu yako nzuri.”

Madamu Kafui alimtazama kwa muda wa mitume kama wanne hivi. Esinam alisubiri kofi, au neno la kumfukuza, au vyote viwili. Lakini Madamu alimgeukia Mama Dzigbodi, akashusha pumzi na kupiga ukelele kama anauza samaki:

“Jamani sokoni! Nisikilizeni! Dzigbodi nimemtukana kwa sauti kubwa, na radhi naiomba kwa sauti kubwa! Gamu yake nzima! Kichwa changu ndicho kilichotoka malengelenge!”

Watu wakacheka. Mama Dzigbodi alijaribu kununa, akashindwa. Cheko lilimtoka kwanza puani, kisha tumboni. “Nenda ukawaite wale mafundi wangu wawili,” alisema akijifuta macho. “Kwa miguu yako mwenyewe. Na uwashike mikono.”

Madamu alikwenda, na akawashika mikono. Aliporudi, Mama Dzigbodi alikuwa amekata gamu nyingine, nyembamba na laini zaidi, akampa Esinam. “Ya bibi yako. Mpe pole yangu.”

Karibu na geti la Bibi Abla, Esinam alishindwa kuvumilia.

“Madamu, umenifukuza?”

“Nikikufukuza, nani atapuliza makaa? Sitsofe? Huyo hata uji hapulizi. Ingia ndani.”

Jua lilikuwa linashuka. Bibi Abla alikuwa uani, kwenye kigoda chake. Esinam mwenyewe ndiye aliyeeleza. Hakupamba wala hakupunguza. Alipofika kwenye vidole vya Mama Dzigbodi alivitazama vyake mwenyewe, akaendelea. Mwisho akaliweka vazi kwenye mapaja ya bibi, kola juu.

Bibi Abla aliyapapasa malengelenge kwa kidole gumba, moja baada ya lingine.

“Kwa hiyo mjukuu wangu amekuwa mwongo kwa sababu yangu,” alisema.

“Hapana, Bibi, ni mimi—”

“Nyamaza, nami nisemwe kidogo. Ulinijia na neno la fundi wako, nikakuziba mdomo. Ungekwenda wapi?” Akamtazama Madamu Kafui. “Inatibika?”

“Inatibika, Mama. Nikiipasha gamu moto, itabanduka. Vazi lote nitalifumua pembeni. Huwa naacha upana wa vidole viwili kwa ajili ya wale wanaonenepa Krismasi, kwa hiyo likirudi kidogo halitakubana.” Madamu alisita. “Lakini lazima lifuliwe. Pamba ikinywa maji kwa mara ya kwanza hujivuta, na gamu haijivuti. Ukiwafunga pamoja kabla ya hapo, mmoja atarudi nyuma na mwingine atabaki, ndiyo hayo malengelenge. Hata ningelitengeneza leo bila maji, mvua ya kwanza ingelirudisha palepale. Harufu itakwenda. Sikudanganyi.”

Bibi Abla alipeleka kola puani. Akavuta pumzi ndefu, mara moja, mara mbili.

“Miaka arobaini na mitatu nilifua mashati ya mtu huyu,” alisema hatimaye. “Alikuwa hataki shati lenye harufu. Kila Ijumaa: ‘Abla, sabuni! Abla, sabuni!’ Tumbaku anavuta yeye, sabuni natafuta mimi. Angeniona natembea kanisani na tumbaku yake mwilini, angenificha.” Akacheka, na machozi yakatoka hukohuko kwenye kicheko. “Kesho asubuhi leteni beseni. Lakini halifuliwi na mtu mwingine. Nitalifua mimi.”

Jumamosi asubuhi Madamu Kafui alifika na pasi ya jogoo mkono mmoja na kifuko mkono wa pili, kwa kuwa mjane hawezi kwenda dukani, basi duka lilimfuata mjane. Mishono ilifumuliwa, na gamu ya zamani ikapashwa moto na kuvuliwa polepole. Bibi Abla alikunja mikono, akazamisha vipande ndani ya maji, akasugua kwa ile sabuni nyeusi aliyofulia mashati. Hakuna aliyemsaidia. Alipoanika kwenye kamba, ndege wa bluu walipigwa na harmatani wakaanza kurukaruka.

Wakati wakisubiri, Madamu alifungua kile kifuko. Yalikuwa mabaki yaliyokatwa siku ile: ukingo mrefu, vipembe vya kwapani, vipande vya upana wa vidole viwili. “Mjukuu wako aliviokota vyote chini, akavifunga kwenye karatasi,” alimwambia Bibi Abla. “Nilidhani anaokota takataka. Hivi havijaguswa na maji.”

Bibi Abla alivipokea kwa mikono miwili. Akavinusa, akatikisa kichwa taratibu, akaingia ndani. Walisikia sanduku likifunguliwa na kufungwa.

“Na wewe, fundi mdogo, kaa hapa,” Madamu alimwambia Esinam, akipiga kigoda. “Nakusema mara moja tu, maana koo langu bado linauma kwa zile radhi za jana. Mkubwa mmoja akikwambia kushoto na mwingine kulia, usisimame katikati ukabuni njia yako ya tatu. Rudi useme: ‘Bibi kasema hivi, Madamu kasema vile.’ Tugombane sisi. Midomo tunayo, na mimi wangu umeuona.”

Esinam alitabasamu bila kutaka.

“Usicheke, sijamaliza. Ulidanganya kwa huruma, nimeelewa. Lakini uongo wa huruma ni uongo vilevile. Umemkosesha Dzigbodi wateja na nusura umkoseshe bibi yako Jumapili yake. Kweli yako ingeniudhi kwa dakika mbili Alhamisi asubuhi. Ona uongo ulivyotutembeza. Na jambo la pili: ulisema sokoni, mbele za watu, bila mtu kukubana. Hilo nalo nimeliona. Kama usingesema, mkono wako mzuri nisingeuhitaji.”

“Nimesikia, Madamu. Sitarudia.”

“Utarudia, wewe ni mtu. Ukirudia, urudi mapema.”

Kitambaa kilikuwa kimekauka. Madamu aliipima kola upya, akapunguza unywele hapa na pale, na kumsogezea Esinam pasi. Bibi Abla alitoka ndani, akavuta kigoda hadi kwenye meza.

Esinam alikagua gundi kwa kidole. Akalaza, akatandaza, akashusha pasi. “Petro,” alisema kwa sauti, maana sasa hakuwa na cha kuficha. “Andrea. Yakobo. Yohana. Filipo. Bartolomayo. Tomaso. Mathayo. Yakobo mdogo. Thadayo. Simoni. Yuda.”

Mkono ulitaka kuinua.

“Ngoja,” alisema Bibi Abla. “Nguo ya mume wangu itaishia kwa Yuda? Ongeza mmoja.”

Esinam alimtazama Madamu. Madamu aliitazama pasi, ambayo makaa yake yalikuwa yameanza kupoa kidogo. “Inastahimili,” alisema.

“Komla,” alisema Esinam. Akainua.

Ikawa hivyo kila sehemu, upande wa kulia na upande wa kushoto, kumi na wawili na mmoja. Kola ilipopoa, Madamu alitandaza juu yake kile kitambaa chenye unyevu na kushusha pasi. Mvuke ulipanda pffuu. Wote watatu wakainama. Ndege walikuwa wametulia, kila mmoja mahali pake.

Jumapili Bibi Abla alivuka geti na vazi la bluu na nyeupe, ambalo Madamu alilishona upya usiku, linanukia sabuni. Baada ya ibada ndugu walimzunguka, na Mama Dzigbodi akajipenyeza katikati yao kwa mabega yake mapana. Mwenzako anasalimu kwa mkono. Yeye alisalimu kwa kushika kola. Akaikunja ncha, akaiachia, ikajilaza.

“Kazi hii!” alisema. “Abla, nani kakutilia gamu?”

“Mjukuu wangu. Na mitume kumi na watatu.”

“Mitume ni kumi na wawili, Abla.”

“Wa kwenu,” alijibu Bibi Abla, akamshika Esinam mkono, wakaenda kula.